Umenileta Hapa Kwa Nini? Uhakiki wa Aina za Vificho katika Mchezo wa Jiokashi

Jiokashi ni mchezo wa kuficha na kutafuta unaotegemea setilaiti. Mtu mmoja, ambaye katika insha hii nitamwita mfichaji, huweka chombo mahali fulani, hupima latitudo na longitudo ya mahali hapo kwa kifaa cha GPS, kisha huzitangaza namba hizo mtandaoni pamoja na maelezo mafupi. Mtu mwingine, yaani mtafutaji, huzisoma kwenye simu yake, huenda hadi pale, hukitafuta chombo, hutia jina lake katika daftari lililomo ndani na kukirudisha vilevile alivyokikuta. Chombo hicho, pamoja na mahali kilipo, nitakiita kificho. Mchezo hauna refa wala kombe, na aliyekipata kificho leo hajamshinda aliyekipata jana.

Kwa sababu hiyo, wachezaji wanapokutana hawabishani sana kuhusu nani bingwa. Hubishana kuhusu vificho gani vinafaa kutafutwa na vipi havifai. Wengi huufunga mjadala huo kwa kusema kwamba kila mtu na ladha yake. Mimi sikubaliani nao. Naona kwamba kificho ni kazi ya utunzi, na kazi ya utunzi inahakikiwa. Mfichaji ni mtunzi, mtafutaji ni msomaji, na msomaji ana haki ya kumwuliza mtunzi swali moja: umenileta hapa kwa nini? Nitalitumia swali hilo kueleza aina ninazozipenda zaidi na zile nisizozipenda. Mwisho nitaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee kwetu sisi tunaoishi Kampala.

Tuanze na chimbuko. Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa tarehe 2 Mei 2000. Kesho yake Dave Ulmer aliifukia ndoo nusunusu msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo. Ndani mlikuwa na daftari na penseli, vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharage. Sharti lilikuwa fupi: ukichukua kitu, acha kitu. Kwa kanuni za leo ndoo ile isingekubaliwa, maana sasa kwa kawaida ni marufuku kufukia kificho, na pia kuweka chakula ndani yake.

Hata hivyo, wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1854, huko Dartmoor nchini Uingereza, kiongozi wa watalii aliyeitwa James Perrott aliweka chupa penye Cranmere Pool, mahali pagumu kufikika katikati ya nyika, ili waliofika waache kadi zao. Chupa ile haikuwa na thamani yoyote. Ilikuwa ushahidi tu kwamba mtu ametembea, amelowa, na amefika. Hapo ndipo ninapopata kipimo changu: chombo ni ushahidi wa kufika, lakini sababu ya kwenda ni mahali.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuitazama kazi kwa fani na maudhui. Kificho nacho kina fani: ukubwa wa chombo, ustadi wa kukificha, lugha ya maelezo, na viwango viwili vya ugumu, kimoja cha kutafuta na kingine cha njia, vinavyopimwa kuanzia 1 hadi 5. Maudhui yake ni mahali penyewe na jambo ambalo mfichaji anataka tulione tukishafika. Kificho kizuri ni kile ambacho fani yake inaibeba maudhui. Kibaya ni kile chenye fani tupu.

Aina ya kwanza ninayoipenda ni kificho cha kawaida chenye sanduku la kutosha, kilichowekwa mahali ambapo mtu asingefika bila kuitwa. Sina mengi ya kusema juu yake kwa kuwa sifa yake ni unyofu. Namba zinakupeleka moja kwa moja, unapanda kilima, unalikuta sanduku chini ya jiwe, unasoma majina ya waliokutangulia, kisha unageuka na kuiona nchi yote chini yako. Jibu la swali letu liko mbele ya macho.

Aina ya pili ni kificho cha hatua nyingi. Hapa namba za kwanza hazikupeleki kwenye chombo. Zinakupeleka mahali ambapo utahesabu nguzo au kusoma mwaka ulioandikwa ukutani, na hesabu hiyo inakupa namba za hatua inayofuata. Aina hii ina msuko kama hadithi, na mfichaji mwenye akili anaweza kusimulia kwa miguu ya msomaji wake. Chukua mfano wa Kampala, mji wa vilima. Fikiria kificho kinachoanzia Namirembe penye kanisa kuu la Waanglikana, kikaenda Rubaga penye kanisa kuu la Wakatoliki, kisha Kibuli penye msikiti, na kuishia Old Kampala, ambako leo kuna Msikiti wa Taifa. Juu ya kilima hicho cha mwisho ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na kutoka hapo bunduki yake ya Maxim ilifyatuliwa katika vita vya Mengo, Januari 1892, alipokuwa upande wa Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki.

Mambo hayo tumeyasoma darasani. Lakini darasani vilima vinne ni majina manne tu. Anayevipanda kwa zamu siku moja, huku jasho likimtoka, ataona jinsi vilivyokaribiana, na kwamba wapinzani wale waliweza kuonana kila asubuhi. Umbali huo mfupi unaeleza mengi kuhusu ukali wa ugomvi wao. Kificho cha namna hiyo kinafundisha kitu ambacho kitabu hakiwezi kukifundisha vizuri, yaani umbali kama unavyohisiwa na mwili.

Aina ya tatu, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, haina chombo kabisa. Ni kificho cha ardhi, kilichoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha Marekani. Mtafutaji huenda mahali penye jambo la kijiolojia, hutazama, hupima, halafu humtumia mfichaji majibu ya maswali aliyowekewa. Hakuna kinachofichwa wala kinachoachwa nyuma. Tuseme kificho hicho kimewekwa kwenye ziwa la chumvi la Katwe, magharibi mwa Uganda. Maswali yanaweza kuwa haya: maji ya ziwa hili yanatokea wapi? Yanatokea upande gani kwenda nje? Mtafutaji akizunguka ukingoni atagundua kwamba hakuna mto unaoyatoa maji. Ziwa limo katika shimo la volkeno, jua linanyonya maji, chumvi inabaki, na watu wanaivuna. Ukilijibu swali hilo ukiwa umesimama pale, hulisahau. Aina hii inamlazimisha mfichaji awe na maudhui, kwa sababu hana chupa ya kujifichia.

Kati ya vizuri na vibaya kuna aina moja iliyogawanyika katikati, nayo ni kificho cha fumbo. Namba zilizotangazwa si za kweli, na mtafutaji lazima afumbue fumbo ndipo apate zile za kweli. Sisi watu wa Kiswahili tulikuwa na mchezo huu kabla ya setilaiti. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", na wakishindwa yeye hudai apewe mji. Akishapewa, husafiri kwenda mji huo kwa maneno, husimulia alivyopokewa, kisha hutoa jibu. Katika utaratibu wetu, basi, fumbo na mahali ni ndugu: aliyeshindwa kufumbua hulipa kwa mji. Fumbo zuri la jiokashi hulinda undugu huo. Jibu lake linahusu mahali unapokwenda, na ukifika unaelewa kwa nini uliulizwa vile.

Lakini yako mafumbo mengi yasiyo na undugu wowote na mahali. Mtu anakupa sudoku au msimbo wa herufi, unakaa mezani saa tatu, unapata namba, unakwenda na kukuta chupa kwenye nguzo ya barabara ambayo ingeweza kuwa nguzo yoyote duniani. Fumbo lilikuwa gumu, ni kweli, lakini ugumu peke yake si maana. Msomaji wa ushairi anajua kwamba shairi halipandi thamani kwa kuwa na misamiati ambayo hakuna anayeielewa.

Sasa nije kwa aina nisizozipenda. Ya kwanza ni msururu wa vificho kando ya barabara. Kanuni inataka vificho viachane angalau mita 161, yaani sehemu ya kumi ya maili. Kanuni hiyo iliwekwa ili mahali pasisongamane, lakini wako walioigeuza kuwa kipimo cha kupandia, kama mtu anayepanda mahindi. Mfano maarufu uko Nevada, Marekani, kwenye barabara iitwayo Extraterrestrial Highway, ambako vichupa zaidi ya 1000 vilipangwa kando ya lami jangwani. Watafutaji hupita kwa gari, mmoja huruka, husaini, huruka tena ndani. Wengine, ili kuokoa sekunde, hukichukua kichupa hiki na kukiacha pale kingine, halafu husaini ndani ya gari wakielekea kinachofuata. Hapo msomaji anafunua kurasa bila kusoma, ili mradi aseme amemaliza kitabu. Ukimwuliza mfichaji kwa nini amekuleta kwenye kichupa cha 412, jibu lake la pekee ni kwamba umeshapita cha 411.

Ya pili, na hii ndiyo inayonikera kuliko zote, ni kichupa cha sumaku kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole, kilichobandikwa kwenye uzio, nguzo ya taa au benchi katikati ya mji. Kasoro yake ya kwanza ni ya kisanaa: hakuna cha kuona pale isipokuwa uzio. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema kwamba kila mtu akiinama anatazamwa kwa jicho moja. Julai 2011, mjini Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kitu nje ya mkahawa. Polisi waliitwa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua kijisanduku hicho. Kilikuwa kificho.

Kwetu jambo hilo si la kuchekesha. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tangu hapo mkoba hufunguliwa mlangoni, na anayepapasa chini ya kitu lazima aeleze. Mwaka jana rafiki yangu na mimi tulikitafuta kichupa cha aina hii kwenye uzio wa jengo moja la biashara. Mlinzi akatujia, bunduki begani, akatuuliza kwa Kiswahili:

"Vijana, mmepoteza nini?"

"Hatujapoteza kitu, mzee. Tunatafuta kichupa."

"Cha nani?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake. Hatukumjua mfichaji, wala hatukujua kama aliomba ruhusa kwa mwenye jengo, ingawa kanuni za mchezo zinadai hivyo. Mlinzi alituambia tuondoke, nasi tukaondoka. Alifanya kazi yake sawasawa. Aliyekosea ni mfichaji, aliyechukua hatari isiyokuwa yake akawabebesha wageni, na kwa malipo gani? Mandhari ya uzio.

Watetezi wa aina hizi mbili wana hoja mbili ambazo ni lazima zijibiwe. Kwanza, husema kwamba kuhesabu ni furaha, na furaha haihitaji sababu. Nakubali kwamba ni furaha, lakini nasema ni furaha ambayo mtu angeipata kwa kuhesabu nguzo za umeme bila kumsumbua mfichaji. Pili, husema kwamba vificho vya kando ya barabara vinawafaa wazee, mama mwenye watoto wadogo, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Hoja hii ni nzito zaidi, na inanilazimu nitofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa: kificho rahisi na kificho kitupu. Kificho cha ngazi ya 1, kinachofikika kwa magurudumu, kinaweza kuwekwa penye mti mkongwe, penye daraja la zamani, au mahali ziwa Victoria linapoonekana. Mwenye kiti cha magurudumu hahitaji kuletwa kwenye nguzo ya taa eti kwa sababu ni karibu. Anastahili mahali kama sisi wengine.

Kwa kumalizia, vificho ninavyovipenda havifanani kwa ukubwa, ugumu wala umbali. Vinafanana kwa kuwa mfichaji alipapenda mahali fulani kwanza, ndipo akatafuta njia ya kutuleta. Vile nisivyovipenda vilianza na chombo, kisha vikatafutiwa pa kubandikwa. Mchezo huu bado ni mchanga katika nchi zetu, na wengi watakaoficha hapa hawajaficha bado. Ushauri wangu kwao ni wa kiutendaji. Ombeni ruhusa kwa mwenye mahali. Tumieni chombo kinachoonyesha kilichomo ndani na chenye maandishi yanayosomeka. Andikeni maelezo kwa Kiswahili pia, ili mlinzi akiuliza "Cha nani?" aweze kuonyeshwa jibu. Na kabla ya yote hayo, mfichaji aandike sentensi moja inayoeleza kwa nini mgeni apande boda boda kutoka mbali na kuja hapo. Sentensi hiyo isipopatikana, chupa na ibaki jikoni.