Si Yeye Peke Yake: Kuyasikiliza Upya Mahojiano ya Profesa Kabudi

Mahojiano haya niliyasikia kabla sijayaona. Ilikuwa Julai 2019, kwenye ile baridi ya Njombe ambayo ukimsimulia mtu wa Dar anadhani unamtania, na nilikuwa nimekuja nyumbani Mjimwema kwa siku chache. Kwenye kibanda cha chai jirani na karakana ya mbao ya baba mdogo, kijana mmoja alikuwa ametumiwa klipu kwa WhatsApp. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka vibaya, picha haionekani, inatoka sauti tu. Basi tukasikiliza kama tunavyosikiliza redio: watu sita au saba, vikombe mkononi, kimya.

Mtangazaji wa BBC, kipindi cha Focus on Africa, anauliza kuhusu mwandishi wa habari Azory Gwanda. Anajibu Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, kwa Kiingereza. Kwa kuwa mimi ndiye "mwandishi" wa pale kibandani, nikaombwa nitafsiri. Nikatafsiri sentensi moja moja, kijana akisimamisha na kurudisha nyuma. Nilipofika pale ambapo waziri anasema kwamba huko Rufiji si yeye peke yake aliyetoweka na kufa, mama anayekaanga maandazi aliweka mwiko chini akauliza: "Kwani wamemzika wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Miaka imepita, na swali lile naliona bado kuwa uhakiki bora kuliko yote niliyosoma kuhusu mahojiano yale, ikiwemo habari niliyoiandika mimi mwenyewe.

Kwanza tukumbushane, maana mambo haya yanasahaulika haraka. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen kutoka Kibiti, mkoani Pwani. Ilikuwa ni wakati wa mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na polisi wakiuawa na watu wasiojulikana. Aprili 13, 2017 pekee waliuawa askari polisi 8. Azory alikuwa anaandika habari hizo. Novemba 21, 2017, kwa maelezo ya mkewe, alifika shambani akiwa ndani ya gari jeupe aina ya Land Cruiser pamoja na watu ambao mkewe hakuwajua, akamuuliza funguo za nyumba ziko wapi, akasema amepata safari ya dharura na angerudi kesho yake. Mkewe alikuwa mjamzito. Hadi leo hajarudi.

Mahojiano ya Kabudi yalirushwa Julai 10, 2019, siku 596 baadaye. Na siku hiyohiyo, jijini London, ulikuwa unaanza mkutano wa kimataifa wa uhuru wa vyombo vya habari.

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe. Wengi waliokasirika walisema waziri "ametangaza" kifo cha Azory. Ukisikiliza vizuri, hakutangaza. Angetangaza, angesema: napenda kuwajulisha Watanzania kwamba mwandishi huyu amefariki. Mtu angeshtuka, lakini angalau angejua ameambiwa kitu. Alichofanya Profesa ni kingine. Habari yenyewe, ile ambayo sentensi iliwekwa iibebe, ni kwamba kulikuwa na wengine pia. Kifo cha Azory kimekaa upande, ndani ya kirejeshi, mahali tunapoweka mambo ambayo msemaji na msikilizaji wote wanayajua tayari.

Chukua mfano wa nyumbani. Jirani anakuja mlangoni kwako anasema: "Si wewe peke yako uliyeiba kuku wangu." Hapo utaanza kujadili wezi wengine ni akina nani? Huwezi. Utaruka juu: nani kakuambia mimi nimeiba? Maana wizi wako hakuuleta kama hoja, kaupitisha chini ya meza kama jambo lililokwisha. Ndivyo ilivyokuwa. Familia iliyokaa karibu miezi 20 bila kuambiwa lolote, ghafla inasikia kifo cha mtu wake kikitajwa kana kwamba ni jambo la zamani linalofahamika na kila mtu.

Halafu kuna lile "na kufa". Kiswahili chetu kina tabia nzuri ya kudai mhusika. Ukisema "aliuawa", msikilizaji anauliza: na nani? Ukisema "alichukuliwa", anauliza: na akina nani, wakampeleka wapi? Lakini "aliyetoweka na kufa" haidai chochote. Mtu katoweka mwenyewe, kafa mwenyewe, kama ukungu wa asubuhi pale Mjimwema unavyoisha ikifika saa nne. Kitenzi cha pili hata nafsi hakina. Kimebaki "kufa" tupu. Kweli Profesa alisema kwa Kiingereza, na mimi nasoma tafsiri, lakini kwa Kiingereza pia vitenzi vile viwili havina mtendaji mwingine. Na kati ya kutoweka na kufa kuna nafasi ambayo ndani yake ndimo kesi nzima ilimo. Sentensi iliiruka kwa herufi mbili.

Na ile "si yeye peke yake"? Bila shaka ilikusudiwa kuwa neno la faraja: taifa zima liliumia, si mwandishi tu. Kwa jumla jibu lote lilienda mwelekeo huo, kwamba yalikuwa maumivu kwa Tanzania, kwamba dola imeudhibiti ule msimamo mkali, kwamba inahakikisha usalama wa kila mtu, waandishi, polisi na wananchi wa kawaida. Na ni kweli kwamba waliokufa Rufiji na Kibiti ni wengi na kila mmoja ana mama yake. Lakini mtangazaji aliuliza habari za mtu mmoja mwenye jina. Kumjibu kwa wingi ni kama kwenda kituoni kuulizia mwanao ukaambiwa mwaka huu watoto wengi wamepotea.

Mwitikio wa watu ulikuwaje? Kamati ya kimataifa ya kutetea waandishi, CPJ, ilitoka siku hiyohiyo kuitaka serikali ieleze inachokijua. Waandishi wenzangu walijaa Twitter na lile swali la siku zote, Azory yuko wapi. Hapo ndipo tulipokuwa bora, nadhani: watu walishika sentensi moja wakakataa kuiachia. Tunalalamika kila siku humu kwamba Watanzania hawasomi. Wiki ile niliona watu ambao hawajawahi kugusa kitabu cha uhakiki wakipima kiunganishi kimoja kama wanafunzi wa isimu.

Lakini haikuwa hivyo kote. Kwenye magrupu niliyomo, nusu ya watu walikimbilia kucheka Kiingereza. Ni ugonjwa wetu: kiongozi akifungua mdomo kwa lugha ya kigeni, tunakaa na kalamu nyekundu. Kicheko kile kilimsaidia waziri kuliko mtetezi wake yeyote, kwa sababu kiligeuza jambo kuwa la sarufi ya mtihani. Na watetezi nao wakaja na methali: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yaani kateleza tu, mwacheni.

Naomba nisikubaliane na pande zote mbili. Kabudi si mtu wa kukosa maneno. Ni profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikaa kwenye Tume ya Jaji Warioba iliyoandaa rasimu ya Katiba, na hadi Machi ya mwaka ule alikuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Unaweza kutompenda, lakini huyu anajua tofauti ya "ametoweka" na "amekufa" kuliko wengi wetu, maana katika sheria tofauti hiyo ni mirathi, ni ndoa, ni faili la upelelezi.

Linganisha na mahojiano mengine mabaya yanayojulikana. Februari 24, 2015, Natalie Bennett, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Green huko Uingereza, aliulizwa na redio ya LBC mpango wao wa kujenga nyumba 500,000 ungegharimu kiasi gani. Akakosa hesabu. Akakohoa, akanyamaza, akapapasa. Waingereza walicheka, na yeye aliwaomba radhi wanachama wake siku hiyohiyo. Msikilizaji wa mahojiano yale alijua kilichoharibika: msemaji hakuwa na jibu, na ukimya wake ulionekana. Ya Kabudi yaliharibika kinyume chake. Hakukuwa na kukohoa. Sentensi ilipita laini, na ilikuwa na jibu kubwa kuliko swali.

Muda mfupi baadaye ukaja ufafanuzi: maneno yake yamechukuliwa sivyo, hana uthibitisho kama Azory yu hai au amekufa. Wengi waliusoma kama aibu ya kurudi nyuma. Mimi naona ulikuwa mbaya zaidi ya sentensi ya kwanza, kwa familia. Sentensi ya kwanza, pamoja na ukatili wake, iliwapa kitu. Ya pili ikawanyang'anya, bila kuweka kingine mahali pake. Hapa kwetu mtu akifa watu wanakaa msibani, wanalala pale, siku zikifika wanaanua tanga na maisha yanaendelea kwa shida yake. Yule mama wa Kibiti aanue tanga lipi? Alifiwa asubuhi na kufufuliwa mume jioni, vyote viwili kwa kauli ya mtu mmoja, na bila mtu kugonga mlango wake.

Ukitaka kujua kwa nini swali la kaburi lilitoka haraka vile pale kibandani, angalia ramani. Kutoka Mjimwema unashuka hadi Makambako, unakata kulia barabara kuu kuelekea Iringa, na kabla hujafika Mafinga unapita Nyololo. Pale, Septemba 2, 2012, aliuawa Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, akiwa kazini, katikati ya polisi. Kulikuwa na picha. Kulikuwa na mwili, mazishi, kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, miaka 15 jela. Unaweza kusema haki ile ilikuwa nusu. Lakini lugha yake ilikuwa kamili: aliuawa, na fulani, mahali fulani, saa fulani. Watu wa ukanda huu wanajua sentensi ya kifo cha mwandishi inavyotakiwa kusikika. Waliposikia ya Azory, walijua ina mashimo.

Nimesema nitarudi kwenye habari niliyoiandika mimi. Niliiandika jioni ileile, nikiwa nimejifunika blanketi, bando likikaribia kuisha. Kichwa nilichopeleka kilikuwa na maneno "kauli tata". Kikapita vilevile, nami nikashukuru. Kauli tata! Kauli haikuwa na utata wowote. Watu wote kibandani waliielewa mara moja, akiwemo mama ambaye Kiingereza hajui. Neno "tata" lilikuwa ngao yangu. Niliogopa, na woga wangu ukafanya kilekile ambacho sentensi ya waziri ilifanya: ukaondoa mtendaji, ukaweka sifa mahali pa kitenzi. Nikasema kauli ina shida ili nisilazimike kusema shida ni nini. Nikiyasikiliza mahojiano leo, nasikia pia ukurasa wangu.

Kwa hiyo sina haki ya kumaliza kwa kumhubiria mwanasiasa. Ninalo ombi dogo kwa sisi tunaoandika. Tumezoea kuandika "Azory aliyetoweka mwaka 2017", na ile -li- inalifunga jambo, inaliweka kabatini pamoja na mambo ya 2017. Tuandike "ametoweka". Kile kiambishi -me- kinasema jambo lilitokea na hali yake bado ipo, mlango uko wazi, mtu bado anasubiriwa. Ni silabi moja tu, lakini Julai ile tuliona uzito wa silabi.

Mwezi uliopita nilipita tena pale kibandani. Karakana imehamia barabarani, baba mdogo amezeeka, mama wa maandazi yupo. Nikamwambia nataka kuandika kuhusu siku ile ya simu iliyopasuka kioo. Akafikiri kidogo, akageuza maandazi. "Yule mwandishi," akasema. "Walishasema wamemzika wapi?"

Nikamwambia bado, mama.