Sekunde nne mbele, sekunde nne nyuma

Katika kuchoma atria kwa katheta ili kutibu mapigo ya vurugu, kwa wati 90 sina ugomvi. Ugomvi wangu ni zile sekunde nne kuzungushwa pete nzima ya vena za mapafu, ukuta wa mbele sawa na wa nyuma. Ni kosa, na wamelifanya walewale waliotufundisha tusilifanye.

Chukua itifaki ya CLOSE ya kutenga vena hizo. Mattias Duytschaever na wenzake kule Brugge, Ubelgiji, walisema alama za kuchoma zisiachane zaidi ya milimita 6, na fahirisi ya abulesheni, inayojumlisha nguvu, muda na mguso, ifike 400 nyuma, 550 mbele. Namba mbili kwa sababu kuta ni mbili. Nyuma atria ni nyembamba na umio umeiegemea. Mbele, hasa kwenye ule ukingo kati ya vena ya kushoto na kifuko cha atria, nyama imejaa. Fundi samani wa Keko, hapa Dar es Salaam, hapigi patasi kwa nguvu ileile kwenye mninga na kwenye plaiwudi. Halafu linakuja jaribio la POWER PLUS, 2023, likiongozwa kutoka Brugge hiyohiyo, wagonjwa 180. Kundi la kawaida likabaki na wati 35 hadi 50, likiongozwa na fahirisi. Kundi jipya likapewa wati 90 kwa sekunde nne, basi. Mbele na nyuma vikawa kitu kimoja.

Sekunde nne zinalitosha joto la ukinzani, lile linalozaliwa palepale ncha ya katheta inapogusa. Joto la kupenya huenda kwa mpitisho, nao unataka muda. Ukiunyima muda, doa linatoka pana na la juujuu. Nyuma ndivyo tunavyotaka, umio unapona. Mbele unaweza kuacha nyama hai chini ya doa. Siku hiyo uvimbe unaufunga umeme na skrini inakuonyesha vena imetengwa. Uvimbe ukishuka, mapigo ya vurugu yanarudi na mgonjwa anarudi nayo. Vena zilizotengwa kwa mzunguko wa kwanza zilikuwa takriban asilimia 84 kwa sekunde nne, na 90 kwa mtindo wa zamani. Watakwimu watasema tofauti hiyo haikuvuka mstari wao. Sawa, lakini imeegemea palepale fizikia ilipotabiri.

Na faida ilikuwa nini? Dakika 70 badala ya 75. Dakika tano!

Kosa si la katheta. QDOT Micro, inayotoa wati hizo 90, ni kazi safi: vipimajoto sita nchani, na nguvu hujishusha joto likipanda.

Pia siyaamini upesi majaribio ya miezi michache. QDOT-FAST ya 2019 ilishangiliwa kwa wagonjwa 52 waliofuatiliwa miezi mitatu. POWER PLUS yenyewe ilihesabu miezi sita. Linganisha na Michel Haïssaguerre: mwaka 1998, pale Bordeaux, hakuwa na kipima mguso wala fahirisi yoyote. Alikaa na wagonjwa 45 akafuata mapigo ya uchokozi moja moja mpaka akaonyesha kwamba vyanzo 65 kati ya 69 vimo ndani ya vena za mapafu. Hakuna aliyemuuliza alimaliza saa ngapi.

Kwetu jambo hili si la mbali. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili ina Carto 3, mtambo uleule ambamo QDOT huchomekwa. Ila wapo wagonjwa wetu wengi ambao si wale wa majaribio ya Ulaya. Valvu zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, atria imetanuka na ina makovu. Hata kwa dawa za kuzuia damu kuganda hao ni tofauti: bado wanategemea warfarin, na jaribio la INVICTUS la 2022 lilithibitisha kwamba kwao rivaroxaban haiipiku. Yeyote atakayepanga kuwachoma kwa sekunde nne aonyeshe kwanza unene wa ukuta anaouchoma.

Wapo wanaoniambia mjadala umepitwa, umeme wa mipigo, usiotegemea joto, umeshafika. Jaribio la ADVENT la 2023, wagonjwa 607: haukuzidiwa na joto, na haukulishinda. Mpaka hapo, mimi nyuma nawapa wati 90 zao. Mbele warudishe 50, wasubiri 550.