Lango Moja Lililowatoa Wasichana Uwanjani

Kizimba cha mpira chenye lango moja ni kosa, tena kosa la kwenye karatasi kabla fundi hajachimba shimo. Chukueni kisa cha Vienna: katikati ya miaka ya 1990 watafiti walibaini kwamba wasichana wakishafika miaka 9 hivi, bustanini hawaonekani tena. Wavulana walibaki. Wapo wanaosema wasichana hawapendi michezo. Mimi nasema tazameni lango la vizimba vya bustani hizo.

Uzio mrefu wa waya pande zote nne, sakafu ngumu, mwanya mmoja. Wavulana wanne wakisimama pale hawana haja ya kumfukuza mtu. Anayetaka kuingia sharti apenye katikati yao, ajieleze, pengine ataniwe. Akishaingia, mambo yakiharibika hana pa kutokea ila palepale. Msichana wa miaka 10 hupiga hesabu hiyo akiwa bado nje, akageuza. Mchoraji aliwaza mpira usitoke. Jinsi mtoto atakavyoingia hakuwaza. Ndani nako, kundi lenye nguvu likianza mechi, eneo lote limekwisha.

Huko Vienna, bustani ya Einsiedlerpark ilirekebishwa: milango ikaongezwa, viwanja vikagawanywa, michezo ya mpira wa wavu na wa vinyoya ikapata nafasi, wasichana wakarudi. Kazi safi.

Lakini haya mbunifu majengo Mholanzi Aldo van Eyck alishayamaliza Amsterdam mwaka 1947, pale Bertelmanplein: shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, mawe ya mviringo ya kurukia, vyuma vya kujipindulia. Uzio hakuweka. Mtoto aliweza kukaa ukingoni, akausoma mchezo, kisha akajitosa alipopenda. Kufikia 1978 viwanja vyake vilikuwa vimepita 700. Siku hizi tunaletewa bembea za katalogi na zulia la mpira: juu ya zulia hilo rede, mchezo wa kukwepa mpira huku ukijaza chupa mchanga, itachezwaje, na chupa ijazwe mchanga gani?

Sasa miji yetu imeshikwa na homa ya vizimba vya nyasi bandia, lango moja na kufuli juu. Kosa ambalo Vienna walishalisahihisha, sisi tunalinunua likiwa jipya. Mchoro wowote usio na mlango kila upande urudishwe kwa mwenyewe kabla ya zabuni.