Mee ya Nusu Pumzi

Mwindaji wa upinde akisifiwa huko Marekani, husifiwa jicho, bega, au ule upinde wake wenye kapi uliomgharimu mshahara wa mwezi. Mdomo wake hausifiwi na mtu. Nami naona ufundi wake mzuri kuliko wote umo mdomoni humo, katika "mee" moja fupi, ya nusu pumzi, inayomfanya kulungu aliyekuwa akipita zake asimame, ageuze shingo na kutaka kujua ni nani aliyeita.

Haja ya sauti hiyo inatokana na hesabu. Mshale wa upinde wa kisasa huenda karibu mita 80 kwa sekunde. Kulungu wa mkia mweupe, yule aliyejaa katika misitu ya kuanzia Kanada hadi Amerika ya Kusini, akitembea bila haraka huenda mita moja na ushei kwa sekunde. Mwindaji akiwa mita 25 kutoka kwake, mshale utachukua kama theluthi ya sekunde kufika, na katika theluthi hiyo mnyama atakuwa ameshasogea sentimita 35 au zaidi. Sasa, moyo na mapafu yake, ukimtazama ubavuni, vimekaa mahali pasipozidi sana upana wa sahani ya wali. Mshale ulioelekezwa mapafuni unaishia tumboni. Kulungu aliyechomwa mapafu yote mawili huanguka upesi, mara nyingi kabla ya dakika kwisha. Aliyechomwa tumbo hujikokota hadi kichakani, akalala huko akiteseka kwa saa nyingi, na mwindaji mwenye busara hana budi kungoja nusu siku ndipo afuate damu, maana akimfuata mapema atamkurupusha aende mbali zaidi. Ndiyo sababu ile mee mimi naihesabu katika huruma, ingawa najua wapo watakaocheka neno huruma likitajwa karibu na chembe cha mshale.

Yapo makopo na filimbi za kuigiza sauti za kulungu, yanauzwa madukani kwa wingi, na kwa kumwita mnyama aliye mbali yanafaa. Kwa kumsimamisha aliye karibu hayana kazi. Mkono mmoja unasukuma upinde, wa pili umevuta kamba hadi shavuni. Kilichobaki huru ni mdomo tu.

Mwindaji amekaa kwenye dungu alilolifunga mtini, mita tano au sita juu ya ardhi. Ni Novemba, msimu wa kupandana, na madume yanazunguka mchana kutwa yakitafuta majike, pua chini, hata kula yamesahau. Dume moja linakuja kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Mbele yake pana uwazi mmoja kati ya matawi, hauzidi hatua mbili. Dume linapita nyuma ya shina nene, jicho lake likafichika, na hapo ndipo kamba inapovutwa, kwa sababu jicho la kulungu liko ubavuni mwa kichwa na huona karibu pande zote. Kamba ikishavutwa ndipo sauti inatoka. Aliyetanguliza mee kisha akavuta atakuwa amemwonyesha mnyama ulipo mkono wake, kwa kuwa kulungu aliyesimama kwa kusikia kitu hutazama mahali pale pale sauti ilipotokea.

Tena mee haingoji mnyama afike katikati ya uwazi. Akisikia, bado atamaliza hatua aliyokwisha kuianza, pengine na ya pili, kwa hiyo sauti hutangulia kidogo, pua inapochungulia tu ukingoni. Yafaa pia asimame mguu wa mbele, ule wa upande wa mwindaji, ukiwa umetangulia, maana hapo bega huacha mbavu wazi. Mambo yote hayo mtu huyapima huku misuli ya mgongo ikiwaka moto.

Kwa nini asimame badala ya kukimbia? Kwa sababu mee ni ya kwao. Majike huitana hivyo, watoto huwalilia mama zao hivyo, na dume likifuata jike hukoroma kwa sauti fupi nzito. Watafiti waliopima masikio ya kulungu huyu walikuta anasikia vizuri zaidi katika hezi 4,000 hadi 8,000, na anafika hadi hezi 30,000, wakati binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Kila sikio hugeuka peke yake. Mnyama wa namna hiyo hahitaji kupigiwa kelele. Wengine hualika ulimi au hupiga mluzi mfupi, na kulungu husimama vile vile. Sibishi, ila mluzi naona unanuka binadamu.

Kiasi cha sauti ndicho kinachotenganisha fundi na mwenye bahati. Ikiwa ndogo mno, majani makavu chini ya kwato huimeza, na dume linapita. Ikiwa kubwa mno, husimama kweli, lakini husimama limekaza mwili, na hapo mambo huharibika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa mshale, hivyo mlio wa kamba humfikia mnyama mapema kabla ya chembe. Aliyeshtuka anapousikia hukunja miguu apate nguvu ya kuruka, kifua kinashuka, na mshale unapita juu ya mgongo. Watu husema ameukwepa. Mshale hata hakuuona. Alikuwa anajiandaa kukimbia tu. Kwa sababu hiyo wazoefu huanza chini, wakapandisha kidogo kama hakusikia, na akishasimama hawaongezi la pili.

Sauti za mdomo katika uwindaji wa upinde ni za kale kuliko upinde wenye kapi. Mwaka 1911 alitokea Oroville, California, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, aliyekuja kuitwa Ishi. Akakaa katika jumba la makumbusho la chuo kikuu San Francisco, na daktari Saxton Pope akawa rafiki yake na mwanafunzi wake wa upinde. Ishi aliweza kumwita sungura kwa kubusu vidole vyake, na kwa kulikunja jani midomoni na kulifyonza alitoa mlio uliomvuta kulungu. Alifariki mwaka 1916. Pope alitoa kitabu chake cha uwindaji wa upinde mwaka 1923, na wengi waliochukua pinde Marekani baada ya hapo walipitia kwake, hata wasipojua mwalimu wa mwalimu alikuwa nani. Kuita na kusimamisha ni kazi mbili tofauti, lakini sikio linalozijua zote mbili ni lile lile: la mtu aliyewasikiliza wanyama miaka mingi kabla ya kuwajibu.

Mee haisaidii kwa kila kulungu. Anayekimbia kwa hofu hana muda na mee ya mtu. Aliyekwisha simama mwenyewe aachwe asimame. Aliye mbali kupita uwezo wa upinde, kumsimamisha ni kumtazama tu.

Na mazoezi yake yana taabu ambayo waliozoea kulenga shabaha kimya kimya hawaijui. Mtu akivuta upinde hubana pumzi, na mee inataka pumzi. Ikitoka, kifua hutikisika na mkono nao. Baada ya saa tatu za baridi koo limekauka, na sauti iliyokuwa nzuri sebuleni hukwaruza kama mlango mbovu. Kwa hiyo wenye bidii huvuta, hulia, hutulia, ndipo huachia, jioni baada ya jioni tangu Septemba. Jirani wa upande wa pili wa ua ameshaacha kuuliza kama kuna mbuzi.