Uzi wa Kazini, Uzi wa Nyumbani

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huenda walikuwa na mfinyanzi wao machoni, lakini wafumaji wa Ifakara hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mwanamke aliyeshinda kwenye mtambo wa kufumia tangu asubuhi, miguu ikikanyaga na mikono ikipitisha uzi, ungedhani akifika kwake Michenga au Katindiuka atatamani chochote kisicho uzi. Haiwi hivyo. Atanawa miguu, atainjika sufuria, na maji ya ugali hayajachemka amekwisha kutoa kwenye kimfuko kilichotundikwa msumarini kitambaa cha kochi alichokifikisha nusu, sindano ya kufumia ikiwa imechomekwa pale pale alipoishia jana. Kitambaa hicho hakuna aliyekiagiza. Ndicho ninachotaka kukisifu.

Ifakara ni mji wa mpunga. Anayekuja kwa barabara ya Mikumi kupitia Kidatu huona miwa kwanza, kisha mpunga, kisha mpunga tena, mpaka Mto Kilombero ng'ambo ya mji, ambao tangu 2018 unavukwa kwa daraja badala ya kivuko. Pamba haionekani. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga na Mwanza. Hata hivyo ni katika mji huu wa mpunga wanawake waliungana katika chama kijulikanacho kama Ifakara Women Weavers Association, wakifuma kwa mkono vitambaa vya pamba: mitandio, vitambaa vya meza, mifuko. Ukiwa na kitambaa cha Ifakara mkononi unakitambua kwa uzito wake na kwa milia iliyotulia, isiyogombana.

Utulivu huo hutengenezwa kabla kufuma hakujaanza. Lazima mtande ukae kwanza. Nyuzi mamia kadhaa zenye urefu mmoja hupimwa, hupangwa kwa rangi, huvingirishwa kwenye mti wa nyuma wa mtambo, kisha moja baada ya moja hupenyezwa kwenye tundu lake na katikati ya meno ya chanuo. Uzi mmoja ukikosea tundu, kosa litafuatana na kitambaa kutoka pindo hadi pindo, na hakuna pasi wala sabuni ya kulificha. Ndiyo maana kazi hii hupendeza ikifanywa na watu wawili, mmoja akitoa uzi na mwenzake akiupokea, na maneno hupungua. Mgeni akipiga hodi wakati huo huitikiwa kwa kichwa. Mtande ukishakaa ndipo sauti zinarudi: makanyagio yanagonga, chanuo linapiga, mshindio, yaani uzi wa kukingama, unakwenda kulia, unarudi kushoto, na hadithi iliyokatizwa inaendelea kutoka neno lile lile.

Mimi hutazama pindo za pembeni. Katikati ya kitambaa hata mwanafunzi anaweza kupatia baada ya muda, kwa kuwa chanuo linamsaidia. Pembeni hana msaidizi. Akiuvuta mshindio kupita kiasi, kitambaa kinabanwa kiunoni. Akiulegeza, vitanzi vinachungulia nje. Kiasi kinachofaa hakipimwi kwa rula. Kinakaa katika vidole, na kila aina ya uzi ina kiasi chake, na uzi uleule siku ya mvua hauvutiki kama siku ya kiangazi. Masika, unyevu wa bonde la Kilombero hauna simile. Mfumaji anayeweza kuleta mita kadhaa zenye pindo zilizonyooka mwezi wa Aprili, mimi humvulia kofia.

Sasa, mtambo wowote ule huacha mabaki. Mtande ukikaribia kwisha, hubaki kipande cha nyuzi kilichoshikwa na mashine upande huu na huu, kisichoweza kufumwa tena, urefu wa mkono au zaidi. Hukatwa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara. Kwa mfumaji ni mwanzo wa jambo jingine: nyuzi fupi za rangi kumi, ambazo hazitatosha mtandio wala mfuko, zinafungwa fungu moja na kwenda nyumbani. Ukiona kitambaa cha kochi chenye ua lililoanza kwa bluu, likaingia kijani, likamalizikia manjano bila mpango unaoeleweka haraka, usimcheke mwenyewe. Alifuata nyuzi zilivyomjia, na akazifanya zikubaliane.

Vitambaa vya makochi vimedharauliwa vya kutosha. Watu wa mijini wanaojiona wamestaarabika huvihesabu kuwa ushamba, pamoja na maua ya plastiki na kalenda za mwaka juzi. Wangekaa na kimoja kwa nusu saa wangebadili mawazo. Kinaanza na mnyororo mfupi uliofungwa duara, sindano moja yenye ncha iliyopinda, na uzi mmoja usiokatwa. Kutoka hapo kila mzunguko unaongezwa kwa hesabu. Ukiongeza kidogo mno, duara linageuka bakuli. Ukizidisha, linapiga mawimbi kama jani la kabichi. Kitambaa kinacholala bapa juu ya mgongo wa kochi ni hesabu iliyopatiwa mizunguko yote, na mara nyingi aliyeipatia hana karatasi wala kalamu. Ameona kitambaa kwa jirani siku ya msiba au ya ngoma, akakitazama wakati wengine wanakula, akahesabu matundu kimoyomoyo, akaenda kukifuma kwake. Nimeona wafumaji wakipeana salamu mikono yao ikiwa tayari imekishika kitambaa cha mwenzao, wakikigeuza upande wa nyuma. Nyuma ndiko miisho ya uzi inakofichwa, na ndiko kazi inakojulikana.

Nimejiuliza kwa nini mtu anayelipwa kwa uzi mchana afume bure usiku, na jibu nililolipata ndilo ninalolisimamia. Oda ina vipimo vyake. Mteja wa Dar es Salaam ametaka mitandio ishirini, myeupe yenye mlia wa bluu, yote ifanane, na ana haki ya kutaka hivyo. Mfumaji akijaribu mlia wa tatu anaharibu oda. Rangi za mtande zimekwisha kuamuliwa, na kinachobaki ni mikono kutii kwa ustadi. Kutii kwa ustadi ni jambo kubwa, lakini ufundi unaotii tu hukauka. Majaribio yanahitaji mahali pasipo na mteja, na mahali hapo ni kibarazani jioni. Pale ndipo zambarau inapowekwa kando ya machungwa kwa mara ya kwanza ili kuona kama zitaelewana. Zisipoelewana, kitambaa kinafumuliwa na uzi unarudi kuwa donge, hakuna aliyepoteza shilingi. Zikielewana, siku moja mchanganyiko huo utaonekana kwenye mtambo, na mteja atadhani umetoka kwenye kitabu cha mitindo.

Na tusidhani mikono hii ilijifunzia mtamboni. Kando ya mito ya bonde hili huota mkindu, na mama wengi wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga walishika miyaa kabla hawajashika uzi. Makuti machanga hukatwa, hukaushwa juani, huchanwa kwa ukucha kuwa miyaa myembamba, mingine huchemshwa kwenye rangi, kisha husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaokunjwa duara kadiri unavyorefuka. Mkeka ni ukili ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Uzuri wa ukili ni kwamba husafiri. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani, kwa kuwa mpunga ukianza kujaza punje ndege hawamsubiri mtu. Kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama lazima awepo mtu wa kupiga kelele na kurusha mawe. Macho yako juu ya shamba, koo linafanya kazi yake, na mikono, isiyohitajika, inasuka. Kuna mikeka mjini Ifakara ambayo ukiuliza umri wake utaambiwa ni ya mavuno ya mwaka gani.

Wanaume nao wamo, ingawa watakataa kuitwa wafumaji. Mvuvi wa Kindamba anayeketi chini ya mwembe na wavu uliochanika, akipitisha uzi fundo kwa fundo mpaka tundu jipya lilingane na la zamani, anafanya kazi ileile kwa uzi mgumu zaidi. Na kila mwana-Ifakara, mume kwa mke, hulala ndani ya kazi ya kufuma. Chandarua ukikisogeza karibu na taa utaona hakikusukwa kwa nyuzi zinazopishana kama shuka. Kimefumwa kwa vitanzi vinavyoshikana, na ndiyo sababu kinavutika bila tundu kutanuka kumpisha mbu. Mwaka 1997 kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2001 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, uwezekano wa kuishi ulipanda kwa asilimia 27. Mashine ndizo zilizofuma vyandarua hivyo, najua. Lakini elimu ya kitanzi, ya kushika bila kuziba, ilitoka mikononi kabla ya kufika kwenye mashine.

Ufumaji ni wa kale katika nchi hii kuliko tunavyofundishwa. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigae vya vyungu vilivyosuguliwa mviringo na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi, kwa hiyo gae la mfinyanzi lilimfaa na mfumaji. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alivisifu vitambaa vya Mogadishu vilivyokuwa vikipelekwa mpaka Misri. Ufipa kulikuwa na nguo ya pamba, seketa, iliyofumwa na wenyeji. Kisha nguo za viwanda vya ng'ambo zikaja kwa bei ya chini, na pamba yenyewe ikaja kwa sura nyingine: zao la kulazimishwa, chini ya kiboko cha Wajerumani. Julai 1905 watu wa vilima vya Matumbi waling'oa miche ya pamba, Vita vya Maji Maji vikaanza, na katikati ya Agosti moto wake ulikuwa umekwisha kufika Ifakara, ambako kituo cha askari kilishambuliwa. Ninapoona mama wa Ifakara ameketi na pamba mapajani, akiamua mwenyewe iwe nini na imalizike lini, siwezi kuichukulia hali hiyo kama jambo dogo.

Tukirudi kwenye uzi wa nyumbani, kando ya vitambaa vya makochi kuna sweta. Ifakara kuna joto, lakini mtoto mchanga wa Ifakara hutoka kliniki amevaa kofia ya uzi, soksi za uzi na kisweta juu, kwani hakuna bibi atakayekubali mjukuu atoke hivihivi. Uzi mpya wa sweta ni ghali. Hivyo mafundi huenda kwenye mitumba, na hapo ndipo ujuzi wao unaponifurahisha kuliko mahali pengine pote. Wengine wanatazama rangi, fundi analipindua sweta na kutazama mshono wa ubavuni. Kama pande zake zilikatwa kwa mkasi kisha zikashonwa kwa mashine, analirudisha: kila mstari utatoka ukiwa kipande kifupi. Kama kila upande ulifumwa kwa umbo lake, ukingo ukiwa mzima, analilipia hata kama kiwiko kimetoboka. Nyumbani atafungua mshono, atatafuta mwisho wa uzi shingoni, na atavuta. Uzi unaotoka umejikunja mawimbi mawimbi. Anauzungusha kwenye mgongo wa kiti, anaufunga sehemu nne usitatane, anauosha, anautundika na kitu kizito chini mpaka unyooke. Sweta moja la Mzungu mnene, lisilo na matundu mengi, hutoa visweta vya watoto viwili au vitatu, na uzi wa kiwiko kilichotoboka, kwa vile ni vipande, huingia kwenye kishada cha juu ya kofia.