Thamani ya Mti Iko Kifuani

Shamba la mikaratusi Pito, Manispaa ya Sumbawanga, linaweza kuuzwa kwa macho au kwa futi. Mimi naheshimu watu wa futi. Uwanda huu wa Ufipa sehemu kubwa ni nyasi, na hapo kale tanuru ndefu za kuyeyushia chuma zilikula mkaa mwingi. Kwa hiyo miti iliyopandwa hapa ni mali ya kuhesabiwa kwa adabu.

Mpimaji hodari hafanyi haraka. Anafyeka majani shinani, anapima mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Penye mteremko anasimama upande wa juu. Anazungusha futi bila kuipindisha, maana ikipinda huongeza mzingo. Shina lililogawanyika chini ya usawa huo analihesabu mawili. Mzingo wa sentimita 94 ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo cha takriban sentimita 30.

Fedha iko hapo. Ujazo hufuata mraba wa kipenyo: mti huo ukiandikwa sentimita 27, karibu moja ya tano ya ujazo wake imepotea kwenye daftari kabla msumeno haujawashwa. Ukikosea urefu kwa kiasi hichohicho, yaani moja ya kumi, unapoteza moja ya kumi tu.

Urefu wenyewe hupatikana hata kwa fimbo. Mpimaji ananyoosha mkono na kusimamisha fimbo, sehemu iliyo juu ya ngumi ilingane na umbali wa kutoka jichoni hadi ngumi. Anarudi kinyumenyume mpaka ngumi ikae kwenye kitako cha mti na ncha ya fimbo ifike kileleni. Kwenye tambarare, umbali wake na mti ndio urefu. Na kwa kuwa shina hupungua kuelekea juu, huzidisha eneo la mkato wa shina usawa wa kifua kwa urefu, kisha kwa kigezo cha umbo, tuseme 0.45, na mti wetu wa mita 18 unakuwa na mita za ujazo 0.57 hivi.

Shamba kubwa hupimwa kwa sampuli. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 11.28 lina mita za mraba 400. Uaminifu wa mpimaji huonekana duara linapoangukia kwenye uwazi usio na miti, naye analipima hapohapo bila kulisogeza penye miti minono.

Ardhi ina hesabu yake. Mwaka 1849 Mjerumani Martin Faustmann alionyesha kwamba thamani ya ardhi ya msitu ni mavuno yote yajayo, yakitolewa gharama na kupunguzwa kwa riba hadi leo. Kwa hiyo visiki hai vya mkaratusi, ambavyo huchipua tena, vina bei. Vya msindano havichipui. Nayo Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua kuwa haki juu ya ardhi ina thamani.

Ndugu mwenye miti, kabla ya kutaja bei, zungusha futi, na andika visiki pia.