Msongo wa Mwanzi

Mtu akisikia kuna mwalimu anayewafundisha wanafunzi wa uhandisi msamiati wa Kiingereza, hudhani kazi yake ni kuwamezesha majina marefu. Majina marefu hayana taabu. Kabureta, alternata na transfoma yalishaingia gereji zamani, mafundi wakayanyoosha kwa ndimi zao, tukapata hata shokomzoba, ambayo Mwingereza mwenyewe akiisikia hatambui kuwa ni yake. Wanaowaangusha wanafunzi ni vijineno vifupi ambavyo kila mmoja anaamini anavijua tangu shule ya msingi: work, power, load, stress. Ndiyo maana naiona kazi hii kuwa ufundi wa kutenganisha maana, wala si wa kurundika maneno, na naiheshimu kama ninavyomheshimu fundi saa.

Tazama Dzaleka nchini Malawi, wilayani Dowa, kama kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda pamekuwa kambi ya wakimbizi tangu 1994, na Kiswahili kinawaunganisha wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kijana aliyesoma Kongo amekuja na fizikia yake kwa Kifaransa. Mtihani wa Malawi unamngoja kwa Kiingereza. Mpe kidhibiti cha umemejua, kile kiboksi kinacholinda betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe hadi ikafa. Waya huingia mahali patatu: pa paneli, pa betri, na pale palipoandikwa load. Load anaijua, ni mzigo wa lori. Kumbe hapa ni taa, redio, chochote kinachokula umeme. Jina la Kiingereza la kiboksi chenyewe lina neno charge, na Kifaransa kinamnong'oneza kwamba charge ndiyo hiyo load, kwa kuwa fundi umeme wa Kifaransa huita hivyo kitu kinachokula umeme. Kiswahili chake kinamwambia kuchaji ni kujaza betri. Safari hii Kiswahili ndicho kinachosema kweli. Orodha ya maneno yenye tafsiri pembeni haiutegui mtego huu. Mwalimu aliyezitembea lugha zote tatu huuona kabla mwanafunzi hajaukanyaga.

Stress nayo kijana wa leo anaijua vizuri mno: ni mawazo, ni msongo. Mwalimu hodari haifuti maana hiyo, bali huanzia hapo hapo. Lilongwe kuna mtaa uitwao Nsungwi, na nsungwi kwa Kichewa ni mwanzi. Basi na aushike mwanzi, auvute kwa ncha zake mbili. Kani inayousonga ndani, ikigawanywa kwa eneo la mkato wake, ndiyo stress, na hupimwa kwa paskali. Kiasi unachorefuka, hata kama jicho halikioni, kikilinganishwa na urefu wa awali, ndiyo strain, uwiano mtupu usio na kizio. Kazi ngumu zaidi iko kwenye nguvu. Neno hili, sawasawa na mphamvu la Kichewa, hubeba force, energy na power katika mfuko mmoja, na mwanafunzi asiyeufungua mfuko huo kwa lugha yake hataufungua kwa lugha ya kukopa.

Hapo mtu ataniuliza: kwa nini basi asifundishwe uhandisi wote kwa Kiswahili? Uwezo upo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kani na nishati zimeshatengana vitabuni. Lakini huyu anaishi Malawi, mwenzake wa kazi huzungumza Kichewa, na mwongozo wa mashine umeandikwa kwa Kiingereza. Simwombi aache Kiswahili, namwombea mwalimu anayekitumia kama kurunzi. Wengine watasema mhadhiri wa uhandisi anatosha. Anakijua kitu, sikatai, ila alishasahau jinsi kutokujua kulivyokuwa, na load kwake ni load tu. Pingamizi zito ni la William Kamkwamba. Kijana huyu wa Wimbe, Kasungu, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002, akaazima kitabu cha Kiingereza kiitwacho Using Energy, akayafumbua maneno kwa kufuata michoro, akaunda kinu cha upepo chenye dainamo ya baiskeli. Mwalimu hakuwapo. Ni kweli, ila alikuwapo mchoro, na ilikuwapo dainamo mkononi: kitu kwanza, neno baadaye. Mwalimu mzuri huufuata mpangilio uo huo, akawapunguzia wasio na kipaji kile miezi ya kubahatisha.

Watengenezaji wa ndege hawaoni aibu kuhangaikia vijineno hivi. Wana Kiingereza chao kilichopunguzwa, ambamo close ni kufunga tu, haliruhusiwi kumaanisha karibu. Ningependa mtihani wa mwisho wa muhula ufuate ukali huo: mwanafunzi apewe kidhibiti kile kile, aandike kwa Kiingereza onyo la sentensi moja la kubandikwa ukutani, kisha mwanafunzi mwingine aunganishe waya kwa kulisoma, mwandishi akiwa nje ya chumba.